ALAN HODGKIN, BINGWA WA UMEME WA MWILINI

Waliopita madarasa ya sayansi watakumbuka kwamba habari husafiri katika mishipa ya fahamu kwa njia ya umeme. Mmoja wa waliogundua chanzo cha umeme huo ni Mwingereza Alan Hodgkin.

Alizaliwa Banbury tarehe 5 Februari, 1914. Baba yake alifariki Baghdad mwaka 1918, akamwacha mtoto wa miaka minne tu. Alisoma katika shule ya Gresham's, ambako alipenda kuchunguza ndege, na mwaka 1932 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge.

Mwaka 1939, yeye na kijana Andrew Huxley walikwenda Plymouth kuchunguza ngisi, kwa kuwa ngisi ana uzi wa neva mnene, kiasi cha nusu milimita. Waliingiza ndani yake kijirija cha kioo ili kupima umeme. Neva ilipoamshwa, upande wa ndani, ambao kwa kawaida huwa hasi, uligeuka kuwa chanya! Kabla ya kujua sababu, vita vikaanza. Hodgkin akapelekwa kutengeneza rada za ndege, na utafiti ukalala kwa miaka mingi.

Vita vilipokwisha waliurudia. Mwaka 1952 wakatoa jawabu: neva ikiamshwa, ioni za sodiamu zilizoko nje huingia kwa kasi, kisha ioni za potasiamu hutoka, na hali ya kwanza hurudi. Waliandika mwendo huo wote kwa milinganyo ya hesabu. Kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati ule, kwa hiyo Huxley alizungusha mashine ya kuhesabia kwa mkono, wiki tatu nzima. Hesabu ilitoa kasi ya mita 18.8 kwa sekunde. Neva yenyewe ilipopimwa ilitoa 21.2.

Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles. Hodgkin alifariki tarehe 20 Desemba, 1998. Hata leo wataalamu wanaoiga kazi ya ubongo kwa kompyuta, wakiwemo wanaochunguza kifafa, huitegemea milinganyo ile.

Vijana mlioko madarasani, msitenge hesabu na baiolojia, wala msimdharau ngisi wa sokoni. Mvumilivu hula mbivu.