Athanasius: Askofu Aliyefukuzwa Mara Tano

Somo: Yohana 1:1–14, Wakolosai 1:15–17, Waebrania 2:14–18

Majuzi baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa kanisa letu alinisimamisha mlangoni. Anauza mitumba, na wenzake sokoni walikuwa wamemwuliza swali likamkosesha usingizi: kama Yesu ni Mungu, ile siku alilala kwenye mashua, nani alikuwa anaendesha ulimwengu? Nilimjibu haraka haraka, kisha nikaenda nyumbani nikijua sijamjibu.

Swali hilo si geni. Kuna mtu wa bara letu la Afrika aliyelishughulikia zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na lilimgharimu sana.

Athanasius alizaliwa karibu na mwisho wa karne ya tatu, na Alexandria, Misri, ndio mji aliolelewa na kuhudumu. Utotoni mwake Wakristo waliteswa vikali, makanisa yakabomolewa na Maandiko yakachomwa. Baadaye akawa shemasi na katibu wa Askofu Alexander.

Katika mji huohuo kulikuwa na kasisi aitwaye Arius. Usidhani alikuwa mkora. Alikuwa mzee wa kuheshimika, mtu wa kujinyima, na mhubiri hodari. Alifundisha kwamba Mungu peke yake hana mwanzo, kwa hivyo Mwana lazima awe na mwanzo: yeye ni kiumbe, wa kwanza na mkuu kuliko wote, lakini bado ni kiumbe. Mafundisho hayo aliyatia kwenye nyimbo, zikaimbwa na mabaharia na wasaga nafaka. Na unajua, fundisho likishapata wimbo, kuling'oa ni kazi.

Mwaka 325 mfalme Constantine aliwaita maaskofu Nikea, katika nchi ya Uturuki ya leo. Walifika kama 300. Athanasius alimsindikiza askofu wake akiwa shemasi tu. Baraza likaamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Ni maaskofu wawili tu waliosimama na Arius hadi mwisho. Miaka mitatu baadaye Alexander alifariki, na Athanasius akawa askofu akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

Ungedhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Upande wa Arius ulipata masikio ya ikulu. Mwaka 335 Athanasius alishtakiwa mbele ya baraza kule Tiro kwamba amemuua askofu mmoja, Arsenius, na kumkata mkono autumie kwa uchawi. Inasimuliwa kwamba washtaki walileta hata mkono wenyewe kama ushahidi. Lakini watu wa Athanasius walikuwa wamempata Arsenius mafichoni. Wakamwingiza amejifunika joho, wakafunua mkono mmoja, halafu wa pili. Marehemu alikuwa mzima, na mikono yake yote miwili!

Hata hivyo walimhukumu kwa mashtaka mengine. Kisha wakamwambia mfalme kwamba askofu huyu ametishia kuzuia meli za ngano zinazolisha Constantinople. Hapo Constantine alimfukuza mpaka Trier, katika Ujerumani ya leo.

Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza. Wa pili ulimpeleka Roma. Wa tatu ulianza usiku wa Februari mwaka 356, kanisa likiwa kwenye kesha. Wanajeshi walivunja milango. Athanasius alikataa kuondoka kabla ya watu wake, hadi wenzake wakamkokota nje. Kwa miaka sita watawa wa jangwani walimficha, naye akaendelea kuandika. Mara ya nne, inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kwa mashua Mto Nile, akaagiza igeuzwe iwaelekee waliokuwa wakimfuata. Walipouliza kama Athanasius yuko mbali, wakajibiwa kwamba yuko karibu sana, nao wakapiga makasia kwa bidii na kumpita. Mara ya tano alikuwa mzee tayari. Katika miaka 45 ya uaskofu, kama 17 aliishi uhamishoni.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali. Wapinzani walilalamika kwamba watu wake waliwatendea kwa mabavu, na si lazima tuseme yote yalikuwa uongo. Mungu hutumia watu, si sanamu.

Lakini kwa nini mtu ateseke hivyo? Si angekubali tu kwamba Yesu ni mkuu, na kila mtu aende nyumbani?

Hebu tufikirie sacco. Unataka mkopo, unatafuta mdhamini. Rafiki yako anakupenda kweli, lakini akiba yake yote imeshikwa na mkopo wake mwenyewe. Hata akitia sahihi kwa machozi, hiyo sahihi haikusaidii. Kiumbe chochote, hata malaika, uhai wake amepewa. Hana wa ziada wa kukulipia.

Athanasius alieleza katika kitabu chake kuhusu Neno kufanyika mwili kwamba Mungu alituumba pasipo kitu, na dhambi ikaanza kuturudisha kwenye kutokuwepo. Kutubu kunamzuia mtu asiendelee kukosa, lakini hakuondoi mauti yaliyokwisha kuingia mwilini. Ni Muumba tu anayeweza kutuumba upya. Na kwa kuwa mauti yalikuwa ndani ya mwili, ilibidi uzima nao uingie ndani ya mwili.

Na ile mashua? Athanasius alijibu kwamba Neno hakufungiwa ndani ya mwili kama maji kwenye chupa. Alichoka kweli na kulala kweli, na wakati huohuo alivishikilia vitu vyote. Jua likiingia dirishani kwa nyumba ya mabati, chumba kinajaa mwanga, lakini shamba halibaki gizani. Mfano huu haumalizi siri, ila unaonyesha kwamba imani yetu si upuuzi.

Ni Athanasius huyu aliyemweka wakfu Frumentius awe askofu kwa jirani zetu Ethiopia. Ni yeye pia ambaye katika barua ya mwaka 367 aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile ulivyo navyo leo. Alifariki mwaka 373. Baraza la Constantinople lilithibitisha imani ya Nikea mwaka 381. Yeye hakuliona.

Mpendwa, hili si jambo la wasomi tu. Mama anayelala kwenye benchi la wodi akimwuguza mtoto anataka kujua kama Mungu mwenyewe amewahi kuumia, au alituma mtu mwingine aumie kwa niaba yake. Tukisema Yesu ni kiumbe, jibu ni kwamba alituma mwingine. Injili inasema alikuja mwenyewe.

Yule kijana nilimtafuta, tukakaa kwa chai, nikamsimulia haya yote. Akasema atarudi sokoni. Nami nimejifunza kutomjibu mtu huku natembea.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani
1. Kama Yesu angekuwa kiumbe, ni nini kingebadilika unapoomba?
2. Ni swali gani kuhusu Yesu umeulizwa kazini ukakosa jibu?
3. Tunawezaje kuutetea ukweli bila kuwaumiza tunaobishana nao?

Maombi: Bwana Yesu, asante kwa kuja mwenyewe. Tupe msimamo, na utupe upole. Amina.