Haba na haba ya Sheikh Ramiya

Kila mwaka baada ya Idd el-Fitr huwa nahesabu safu. Katika msikiti ninaosali hapa Ujiji, usiku wa mwezi 27 Ramadhani waumini hujaa hadi nje, mikeka haitoshi. Lakini alfajiri ya mwezi tatu Shawwal tunabaki safu moja, nayo haijai. Sisemi haya kumsuta mtu. Mimi mwenyewe, mwalimu wa dini, nimewahi kuazimia kusoma juzuu moja kila siku, kufunga kila Jumatatu na Alhamisi na kuamka kila usiku, yote kwa mpigo. Mwezi haukwisha nikawa nimeacha yote. Kilichobaki ni unyonge wa moyo, maana mtu anayevunja ahadi zake mwenyewe mwisho hujiona hafai.

Ndiyo maana wiki hii, ndugu msomaji, nimependa tuyatazame maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Wengi tunamfahamu kuwa ni sheikh wa Bagamoyo. Wasiokumbuka ni kwamba asili yake ni ng'ambo ya ziwa letu hili la Tanganyika, katika nchi ya Manyema, Kongo ya mashariki. Kwetu sisi watu wa Ujiji, Wamanyema si wageni, ni katika waliojenga mji huu.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Manyema ilivuka ziwa, ikashukia Ujiji, ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Yahya alifikishwa pwani na biashara hiyo angali mtoto, akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki akiwa mtumwa.

Hapa inatubidi tuseme kweli, hata kama ni chungu. Wengi wa waliouza na kumiliki watu katika njia ile walikuwa Waislamu wenzetu. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi ilikuwa midomoni mwa watu waliofanya biashara ya watoto. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba utumwa ulimfaa Sheikh Ramiya, au kwamba kila aliyebaki katika dhiki alikuwa mvivu. Wangapi walikuwa na bidii kama yake, wakafia njiani na hakuna anayeyajua majina yao? Nisemalo ni dogo zaidi. Ule upenyo mwembamba alioupata, aliutumia kila siku.

Katika nyumba ile alianza kusoma dini. Alipokuwa huru alianza na biashara ndogo ya samaki. Msomaji wa Kigoma ataelewa haraka maana yake. Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ikirudi. Mchuuzi wa dagaa hawezi kufanya kazi siku moja kwa nguvu nyingi kisha akalala wiki nzima, kwa sababu samaki hamngoji mtu. Biashara hiyo humlazimisha mtu kuamka mapema, kuhesabu senti, na kesho kurudi tena pale pale.

Faida ya samaki ikanunua mashamba na minazi. Mnazi nao hupandwa na mtu anayekubali kungoja, kwani hupita miaka kadhaa kabla hujaangua dafu la kwanza. Na wakati huo wote hakuacha kusoma. Elimu yake ilikwenda kama mali yake, kidogo kidogo, hadi mwanafunzi akawa mwalimu mwenye darasa lake, na watu wakamwita sheikh. Akaingia katika twarika ya Qadiriyya na kuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa katika nchi hii.

Najua wapo wasomaji wa gazeti hili wasiokubaliana na mambo ya twarika. Leo sifungui mlango huo. Lakini hata asiyehudhuria halqa ya zikri anaweza kuona jambo moja: mtu wa twarika ana uradi wake, una idadi yake na wakati wake, na ana wenzake ambao asipofika watauliza yuko wapi. Huo ndio mwendo Sheikh Ramiya aliowalea wanafunzi wake.

Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani, na Sheikh Ramiya akapewa uliwali wa mji ule ule alioingia akiwa mali ya mtu. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja baadaye, mwaka 1922. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akaendeleza darasa na uongozi wa twarika. Kwa miaka mingi Waislamu kutoka pande nyingi wamekuwa wakienda Bagamoyo kwa maulidi na ziara.

Sasa turudi kwenye safu yetu ya Shawwal. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali impendezayo zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Tunaisikia hadithi hii kila mara, lakini tunaishi kinyume chake: tunataka mengi, na tunayataka leo. Furaha ya moyo haiji kwa njia hiyo. Huja pale mtu anapojiamini kwamba analolisema atalitenda, na imani hiyo hujengwa na mambo madogo yaliyotimizwa.

Mimi nimeanza upya. Baada ya Maghrib, kabla sijainuka kwenye mkeka, nasoma ukurasa mmoja wa msahafu, hauzidi wala haupungui. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kwa hiyo nitahitimu kwa takriban mwaka mmoja na miezi minane. Zamani ningeona haya kutaja hesabu hiyo mbele ya wanafunzi wangu. Siku hizi naitaja, na nimemwomba jirani yangu wa safu aniulize kila Ijumaa kama nimekatisha.

Nawe msomaji, chagua moja tu. Lifunge kwenye swala ambayo huikosi, na mtafute mwenzio wa kukuuliza.

Tumwombe Allah (s.w.) amrehemu Sheikh Ramiya, awarehemu wote waliopita katika njia ile ya misafara wasifike, na atujaalie kudumu katika machache tunayoyaweza. Amin.