George Alexander Chambers

George Alexander Chambers (24 Oktoba 1877 – 5 Desemba 1963) alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana kutoka Australia na askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao yake Dodoma. Aliiongoza dayosisi hiyo kwa takriban miaka 20, tangu mwaka 1927 hadi 1947. Makanisa mengi ya Kianglikana yaliyo kando ya Reli ya Kati, kutoka Kilosa kupitia Dodoma, Bahi na Kintinku hadi Kilimatinde na kuendelea magharibi, yana historia inayopitia mikononi mwake kwa namna moja au nyingine.

Kwao Australia anajulikana zaidi kwa shule ya Trinity Grammar School ya Sydney, aliyoianzisha mwaka 1913.

Maisha ya awali

Chambers alisoma katika Chuo Kikuu cha Sydney, akapata daraja takatifu mwaka 1901, kisha akafundisha katika chuo cha theolojia cha Moore College mjini humo, ambako alifikia kuwa makamu wa mkuu wa chuo. Mwaka 1911 alipewa parishi ya Holy Trinity katika mtaa wa Dulwich Hill, Sydney, akakaa huko hadi alipochaguliwa kuwa askofu.

Shule aliyoianzisha parishini hapo ilikuwa ya wavulana. Ilianza kama kazi ya waumini wa parishi moja, ikakua hadi ikawa shule kubwa yenye kujitegemea. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu njia aliyoitumia baadaye Ugogo ilikuwa ileile: kusanyiko lililokwisha kusimama libebe kusanyiko changa mpaka nalo lisimame.

Ukristo katika Ugogo kabla ya Chambers

Chambers hakukuta shamba tupu. Chama cha kimisionari cha CMS kutoka Uingereza kilifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakati misafara yake ilipokuwa ikielekea Buganda. Kutoka Mpwapwa na Mamboya kazi ilienea polepole katika Ukaguru na Ugogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa pia na chuo cha kuwafundisha walimu na wahubiri huko Kongwa. Kiliitwa Huron, kwa jina la dayosisi ya Kanada iliyokigharimia, na ndicho chanzo cha Chuo cha Mtakatifu Filipo cha Kongwa.

Vita vilivuruga mambo. Serikali ya Wajerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Walimu Waafrika walishikwa pia, baadhi yao wakituhumiwa kumsaidia adui, na wako waliofia kifungoni. Mara baada ya vita ikaja njaa kubwa ya miaka 1918–1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walikufa, mifugo ikaisha, vijiji vikahama. Makanisa yaliyobaki yalibaki kwa sababu walimu wa vijijini waliendelea kuwakusanya watu kusoma na kusali, mara nyingi bila mshahara na bila Mzungu yeyote karibu.

Kulikuwa na kikwazo kingine, cha kanuni za Kanisa lenyewe. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Mombasa. Katika utaratibu wa Anglikana kasisi anaweza kubatiza, lakini kipaimara na kuwekewa mikono kwa makasisi ni kazi ya askofu. Askofu akiwa Mombasa, Mkristo wa Ugogo aliweza kungoja muda mrefu sana kabla ya kushiriki meza ya Bwana. Kanisa changa halikuweza kupata kasisi wake mwenyewe mpaka askofu apate nafasi ya safari.

Kuanzishwa kwa dayosisi

Katika miaka ya 1920 CMS ya London ilikuwa na madeni, ikafikiria kuiacha kabisa kazi ya Tanganyika. Hapo ndipo CMS ya Australia ilipokubali kuubeba mzigo huo. Ilikuwa ahadi nzito kwa Kanisa ambalo lenyewe lilikuwa bado likiletewa maaskofu kutoka Uingereza. Dayosisi mpya ilikatwa kutoka Mombasa mwaka 1927, na Chambers akawekwa wakfu kuwa askofu tarehe 1 Novemba mwaka huo katika Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza.

Eneo alilopewa lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lilianzia Ukaguru, likapita Ugogo, likafika Kigoma upande mmoja na Ziwa Viktoria upande mwingine, pamoja na wilaya za kaskazini za Arusha na Kilimanjaro. Kusini na mashariki lilipakana na dayosisi za chama cha UMCA, ambao walikuwa Waanglikana wenye desturi za ibada zilizo karibu zaidi na za Kikatoliki. Tofauti hizo mbili, watu wa CMS na watu wa UMCA, zinaonekana hadi leo katika mavazi ya makasisi na mpangilio wa ibada.

Chambers alikuja na kundi la wafanyakazi aliowakusanya Australia: makasisi, walimu, wauguzi. Mmoja wao, William Wynn Jones, ndiye aliyekuja kumrithi. Mwaka 1931 Chambers alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo, Tanganyika's New Day, kilichokusudiwa kwa wasomaji wa huko ng'ambo waliokuwa wakitoa fedha.

Jinsi kanisa jipya lilivyoanzishwa kijijini

Fedha za Sydney na Melbourne zililipa wamisionari, hospitali na shule kubwa. Lakini kanisa la kijijini lilianzishwa kwa njia nyingine, na hapa maandishi mengi ya Kizungu yanapita haraka mno.

Kijiji kiliomba mwalimu, au kituo kikuu kilimtuma. Kiongozi wa mahali akitoa kibali, wanakijiji wenyewe walijenga: miti, udongo, mara nyingi kwa mfano wa tembe la Kigogo lenye paa la udongo. Jengo lilikuwa darasa siku za wiki na kanisa siku ya Jumapili. Waliojiandikisha waliitwa wasomaji, kwa sababu kusoma na kuingia dini vilikwenda pamoja. Mwalimu alikuwa mtoto wa kanisa la kituo. Kanisa hilo lilimpatia vitabu, lilimtumia kasisi kwa ubatizo na Chakula cha Bwana, na lilichangia posho yake. Wenyeji walitoa sadaka ya mtama, uwele, kuku au mbuzi. Baada ya miaka, wakristo wakiwa wengi, mahali hapo palipata kasisi wake na kuanza kutuma walimu wake mbele zaidi.

Kwa nyanda za chini za Bahi na Kintinku, pamoja na vijiji vya juu ya mwinuko wa Bonde la Ufa, kituo kikuu cha upande huo kilikuwa Kilimatinde, penye hospitali ya misheni.

Miongoni mwa makasisi Waafrika wa mwanzo katika eneo hili alikuwa Andrea Mwaka, ambaye jina lake limepewa shule mjini Dodoma. Bila watu kama yeye askofu angekuwa na dayosisi kwenye ramani tu.

Mdororo wa uchumi

Udhaifu wa kutegemea kanisa la mbali ulionekana mapema. Dayosisi ilikuwa na miaka mitatu hivi wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulipoipiga Australia. Watu wengi walipoteza kazi, na sadaka zikapungua. Zaidi ya hapo, pauni ya Australia ilishuka thamani: mwishoni mwa mwaka 1931 ilihitaji pauni 125 za Australia kupata pauni 100 za Uingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa na pauni ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni moja. Hivyo mchango wa pauni 100 kutoka Sydney, ambao hapo awali ungefika Dodoma ukiwa karibu shilingi 2,000, sasa ulifika ukiwa shilingi 1,600. Huku nyumbani bei za mazao zilianguka na nzige walikuwa wakishambulia mashamba, kwa hiyo sadaka ya kijijini nayo haikuweza kuziba pengo.

Chambers alitafuta fedha penginepo: vyama vingine vya Kanisa huko Uingereza, na serikali ya kikoloni.

Shule

Sheria ya elimu ya mwaka 1927, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi na kuwa na walimu wenye vyeti. Chambers alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu, akaitumia nafasi hiyo kwa nguvu. Wakati wake shule za wasichana zilipewa uzito, ikiwemo ya Msalato karibu na Dodoma, na upande wa Bukoba kilianzishwa chuo cha Katoke. Ruzuku hiyo haikuzifikia shule ndogo za vijijini. Mwalimu wa shule iliyosajiliwa alipata mshahara wa kueleweka. Mwalimu wa kijijini, aliyefanya kazi ya shule na ya uinjilisti pamoja, alibaki na posho yake ndogo. Pengo hilo lilileta manung'uniko yaliyodumu kupita wakati wa Chambers.

Mwaka 1934 dayosisi ilifungua Arusha School, Wynn Jones akiwa mwalimu mkuu wa kwanza. Ilikuwa shule ya bweni kwa watoto wa Wazungu peke yao. Chambers aliamini kwamba askofu ana wajibu kwa walowezi pia, na mgawanyo wa shule kwa rangi ulikuwa utaratibu wa serikali. Hata hivyo ni vigumu kuulinganisha mradi huo na hali ya shule za Ugogo za miaka hiyohiyo bila kuona kwamba haki ilipinda. Baada ya uhuru shule hiyo iliwapokea watoto wote.

Uamsho

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliingia dayosisini kupitia magharibi. Watu waliungama hadharani, walirudisha mali walizoiba, na mara nyingine waliwakemea makasisi wao, Wazungu wakiwemo. Vikundi vya ndugu vilitembea kutoka kituo hadi kituo kwa nauli zao wenyewe. Katika miaka ya 1940 Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu nchini Uganda, alihamia Dodoma kama mwalimu akiwa mmoja wa watu wa uamsho huo. Huu ulikuwa uenezaji wa injili ambao hakuna parishi ya Australia iliyoulipia.

Miaka ya mwisho na baada yake

Chambers aliachia uaskofu mwaka 1947, akawa kasisi wa Waingereza mjini Paris, Ufaransa, kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 1963.

Wynn Jones alimrithi lakini alifariki mwaka 1950. Alfred Stanway, Mwaustralia pia, aliongoza kuanzia 1951 hadi 1971. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Uganda, Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika, akiwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Yohana Madinda alichukua uongozi wa dayosisi mwaka 1971, miaka 44 baada ya kuanzishwa kwake.

Eneo la Chambers limegawanywa mara nyingi: Victoria Nyanza mwaka 1963, Morogoro 1965, Western Tanganyika 1966, na nyingine baadaye. Mwaka 1991 ilianzishwa Dayosisi ya Rift Valley yenye makao Kilimatinde, ambayo eneo lake linajumuisha wilaya ya Manyoni na Kintinku.