Papa Simon Kimbangu: alikufa bila mali, lakini hakushindwa



Katika miji yetu, mtu akijenga nyumba ya ghorofa na kununua gari, tunasema Mungu amembariki. Mwingine anayesali miaka mingi akiwa bado mpangaji, tunamcheka, hata tunauliza anaficha dhambi gani. Mimi mwenyewe shemeji yangu aliniuliza mbele ya watoto wangu ushemasi umeniletea nini. Siku ile nilinyamaza. Jibu nililipata baadaye, katika maisha ya Papa Simon Kimbangu.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, jimbo linaloitwa leo Kongo Central. Wazazi wake walikufa akingali mtoto, akalelewa na Mama Kinzembo. Alisoma katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete, na mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Mwilu Marie. Mungu aliwapa wana watatu.

Mwaka 1918, wakati homa kubwa ilipoua watu wengi, alisikia mwito wa kuchunga kondoo wa Kristo. Aliogopa kama Yona. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi kwa Wazungu, kwa maana hiyo ndiyo njia ya kufaulu ambayo dunia ilionyesha vijana: mshahara, nguo nzuri, jina. Inasimuliwa kwamba alifanya kazi na mshahara wake hakulipwa. Alirudi Nkamba mikono mitupu, akashika jembe.

Tarehe 6 Aprili 1921 alitii. Aliweka mikono juu ya mama mgonjwa aitwaye Nkiantondo, na kwa jina la Yesu akapona. Habari ikaenea. Watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu, wakaja Nkamba kwa maelfu. Akawafundisha kutupa nkisi, kuacha ndoa ya wake wengi na ngoma za uchafu. Mwenye watu wengi namna hii angeweza kujifanya mfalme. Yeye hakuwapa silaha wala fimbo. Aliwapa Neno la Mungu tu.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Lakini mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali sana na kwao, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Ndugu, tuhesabu. Kazi yake ya wazi haikufika miezi sita. Kifungo chake kilikuwa miaka 30. Waamini wake walihamishwa na familia zao, wengine mpaka Lowa. Mama Mwilu alibaki akiwaongoza waliosalia kwa siri. Tarehe 12 Oktoba 1951 Papa Simon alifariki, angali mfungwa. Jirani yeyote angesema: huyu amepoteza maisha yake bure.

Lakini kanisa lake lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, na mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika Kongo yetu.

Lakini tusikosee hapa. Hata kama sikukuu hiyo isingewekwa, Papa Simon alikuwa amekwisha kushinda. Alishinda siku aliporudi Nkamba akijua askari wanamngoja. Mbele ya Mungu, kufaulu ni kutii mpaka mwisho.

Basi, wewe unayechekwa kwa sababu ya umaskini wako, usikimbilie kwa waganga, wala usiibe kazini ili uonekane mtu. Na wewe uliyepewa mali, mshukuru Mungu, saidia wajane, usimdharau ndugu yako. Shemeji akiniuliza tena, nitamjibu kwa upole: nimeitwa, na ningali katika njia.

Bwana awabariki wote. Amina.