Eglantyne Jebb, Mwanamke Aliyetetea Watoto wa Adui

Wengi wetu tulivuka mpaka pale Mpondwe, tukalala Bwera, kisha tukapita Kasese tukielekea kambini. Njiani tuliona watoto wasio na mtu. Wengine walibeba mizigo ya watu sokoni, wengine walifuata familia zisizo zao. Baadhi yao tunaishi nao hadi leo. Kwa sababu hiyo, tujifunze maisha ya Eglantyne Jebb.

Alizaliwa Uingereza tarehe 25 Agosti 1876, katika familia yenye mali. Alisoma historia huko Oxford, akafundisha shule ya msingi, lakini kazi hiyo ilimshinda, akaiacha. Hakuolewa, hakuzaa, na afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1913 alipeleka msaada Makedonia kwa watu walioumizwa na vita vya Balkani. Huko aliona kwa macho yake jinsi familia zinavyofukuzwa kwao.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 1918, lakini Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia chakula kisiingie Ujerumani na Austria. Watoto walikufa kwa njaa. Waingereza wengi waliona kwamba hao ni watoto wa adui, haiwahusu. Mwaka 1919 Eglantyne alikwenda Trafalgar Square, katikati ya London, akagawa vikaratasi vyenye picha za watoto wa Austria waliokonda. Kwa kuwa vikaratasi hivyo havikuwa na kibali cha serikali, alikamatwa, akapelekwa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 5. Mwendesha mashtaka mwenyewe aliguswa, akampa pauni 5 kutoka mfukoni mwake.

Tarehe 19 Mei 1919, yeye na mdogo wake Dorothy Buxton walizindua mfuko ambao leo tunaujua kama Save the Children. Eglantyne aliutumikia akiwa katibu wa kujitolea. Njaa ilipoingia Urusi mwaka 1921, mfuko ulilisha watoto wa huko pia, ingawa wengi Uingereza waliichukia serikali yao.

Lakini aliona chakula peke yake hakitoshi. Mtoto aliyeshiba bado anaweza kupigwa, kutumikishwa au kutupwa. Mwaka 1923 aliandaa tamko fupi lenye vipengele 5 tu kuhusu haki za mtoto. Miongoni mwa yaliyomo: alishwe, atibiwe, yatima apewe makao, mtoto awe wa kwanza kuokolewa wakati wa shida, asinyonywe. Shirikisho la Mataifa lililikubali mwaka 1924. Eglantyne alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52.

Mbegu yake ilizaa. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1996 inamtaka yeyote mwenye ushahidi kwamba mtoto anaonewa, atoe taarifa kwa baraza la mtaa. Haiulizi mtoto ni wa kabila gani wala alivuka mpaka lini.

Wapendwa, nakiri mbele yenu. Kulikuwa na mtoto karibu na kwangu aliyepigwa karibu kila jioni na watu waliompokea. Nilimsikia. Nikajiambia si wa kanisa letu, wala si wa kabila letu, na kule nyumbani watu wake na watu wangu walipigana. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa LC1. Mtoto alihamishwa, leo anasoma. Mimi mchungaji nilinyamaza, mama yule alisema.

Ukiona mtoto anateswa au ananyimwa chakula, mwambie mwenyekiti, mzee wa kanisa au wahudumu wa watoto kambini. Simu ya bure ni 116. Mungu atupe kinywa cha kuwasemea wadogo hawa. Amina.