Kabla ya uskauti, Baden-Powell alikuwa mtoto wa jukwaani

Ukipita mjini Nyeri mwezi wa Februari, utakutana na maskauti wamejaa barabarani, skafu shingoni, wakielekea makaburi ya kanisa la St. Peter. Wanaenda kuzuru kaburi la mzee aliyezikwa hapo Januari 1941, mahali panapotazamana na Mlima Kenya. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, hiyo ni alama ya njiani inayomaanisha mtu amekwenda nyumbani.

Mzee huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti. Wengi tunamjua kwa picha: kofia pana, kaptura na fimbo mkononi. Lakini kumbe jamaa alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya yote hayo. Aliigiza, akaimba, akachekesha watu. Kama umewahi kuwaambia wazazi wako kwamba unaenda majaribio ya mchezo wa nyimbo, nao wakakuuliza ati utakula makofi ya watazamaji, basi hebu soma maisha yake.

Alizaliwa London mnamo Februari 22, 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki 1860 Robert akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta Grace, akabaki na kundi la watoto, kitinda mimba akiwa na wiki chache tangu kuzaliwa. Familia ilikuwa na jina kubwa, lakini pesa zilikuwa za kuhesabu. Mama alibisha hodi kwa kila aliyemjua ili wanawe wapate shule. Mwaka wa 1870, Robert alipata nafasi ya ufadhili katika shule ya Charterhouse.

Husimuliwa kwamba Robert alipokuwa mdogo, mama yake aliingiwa na wasiwasi kwa sababu mtoto alichora kwa mkono wa kushoto. Zama hizo, watoto wa aina hiyo walilazimishwa kubadilisha mkono. Mama aliomba ushauri kwa John Ruskin, mtaalamu maarufu wa sanaa aliyekuwa rafiki wa familia, naye akamwambia amwache mtoto alivyo. Mama akatii. Robert alikua akichora kwa mikono yote miwili.

Darasani hakuwa moto wa kuotea mbali. Alijulikana zaidi kwa kudaka mpira golini, kupotelea msituni nyuma ya shule, na kuigiza. Bahati yake ni kwamba mwalimu mkuu, William Haig Brown, aliuona uigizaji kuwa sehemu ya masomo. Kuna kisa cha siku ambapo shule ilikuwa na tamasha, msanii mmoja akakosa kufika na watazamaji wakaanza kelele. Mwalimu mkuu alipotafuta wa kuziba pengo, Robert alipanda jukwaani bila matayarisho na kuigiza kipindi cha somo la Kifaransa. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Sasa, msidhani mambo yalimnyookea. Kaka zake walisoma chuo cha Balliol, Oxford. Yeye alijaribu kuingia huko, akakataliwa. Akajaribu Christ Church, na hesabu zikamwangusha. Mtahini wake wa hesabu alikuwa Charles Dodgson, yule mwandishi wa hadithi za Alice aliyejulikana kwa jina Lewis Carroll. Hebu fikiria aibu hiyo nyumbani, mama akiwa ametumia kila alichokuwa nacho.

Lakini mlango wa nyumbani haukufungwa. Mwaka wa 1876 alifanya mtihani wa jeshi pamoja na mamia ya vijana wengine, akaibuka wa pili katika orodha ya wapanda farasi. Alitumwa moja kwa moja kwa kikosi chake nchini India. Kwa miaka na mikaka alimwandikia mama yake barua, na mshahara mwembamba wa afisa mchanga ukapanuliwa na malipo ya michoro na makala aliyouzia magazeti.

Jukwaa nalo hakuliacha. Akiwa jeshini aliigiza katika Pirates of Penzance, mchezo wa nyimbo wa Gilbert na Sullivan. Mwaka wa 1897, akiwa na umri wa miaka 40, alipanda jukwaa la Gaiety mjini Simla katika The Geisha, mchezo mwingine wa nyimbo uliokuwa ukivuma London. Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa kwa siku 217 kuanzia Oktoba 1899, Jumapili bunduki ziliponyamaza yeye ndiye aliyepanda jukwaani kuchekesha watu.

Haifai kumpaka asali mzee huyu. Alikuwa askari wa himaya. Mwaka wa 1896, huko Matabele, aliamuru chifu Uwini apigwe risasi. Mafeking hiyohiyo ya vichekesho, Waafrika walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu na wengi wakafa njaa. Kijana wa Nyeri anayesimama mbele ya kaburi lake ana haki ya kuyajua yote mawili.

Alipoanzisha uskauti kwa kambi ya kisiwa cha Brownsea mwaka wa 1907, aliingiza uigizaji ndani yake. Kitabu chake cha 1908 kina michezo ya kuigizwa na vijana kando ya moto. Mbegu hiyo ilizaa Gang Show, onyesho la nyimbo na vichekesho la maskauti lililoanzishwa London na Ralph Reader mwaka wa 1932. Tangu hapo, vijana katika nchi nyingi wamepanda jukwaani kupitia maonyesho ya aina hiyo.

Mwaka wa 1938 alihamia Nyeri na mkewe Olave, wakaishi katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Hapo alichora wanyama na ndege na kuandika vitabu hadi alipofariki Januari 8, 1941.

Angalia vizuri: mtoto huyu hakuwa nyota wa jukwaa. Alichopata huko ni ujasiri wa kusimama mbele za watu, na uskauti wote ulisimama juu ya hilo. Leo mwanafunzi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anachujwa shuleni kwanza, kisha anapambana kuanzia kaunti ndogo hadi tamasha za kitaifa za drama. Wengi huishia njiani. Mzazi, mpe nauli ya matatu, msikilize akikariri jikoni, na akirudi jioni bila nafasi, mpakulie chakula kwanza. Maswali ya nani alichaguliwa yatangoja kesho. Nawe kijana, jina lako likikosekana kwenye orodha, usikimbie. Siku msanii mwingine atakapokosa kufika, mwalimu atatafuta mtu wa kuziba pengo.