Ernest Starling: Aliyegundua kuwa damu hubeba amri za tumbo

KIUNGULIA huwasumbua watu wengi, hususan baada ya mlo wa usiku wenye mafuta mengi. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya maelezo ya kitaalamu kuhusu adha hiyo ina asili yake katika jaribio lililofanyika London, Uingereza, Januari 16, 1902. Mmoja wa waliolifanya ni Ernest Henry Starling, ambaye jina lake leo hutajwa kwa nadra nje ya vyuo vya tiba.

Starling alizaliwa London Aprili 17, 1866. Alisomea udaktari katika Hospitali ya Guy's, na mwaka 1899 akawa profesa wa fiziolojia katika University College London. Mwenzake mkubwa kikazi alikuwa William Bayliss, ambaye mwaka 1893 alimwoa dada yake Starling, hivyo wawili hao wakawa mashemeji. Bayliss alikuwa mpole na mwenye hadhari, ilhali Starling alikuwa mwepesi wa kuamua na asiyeficha mawazo yake.

Mwaka 1899 walieleza namna utumbo unavyosukuma chakula: misuli iliyo nyuma ya tonge hubana, na iliyo mbele yake hulegea. Kazi hiyo waliihusisha na mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe.

Zama hizo wataalamu wengi, wakiongozwa na Ivan Pavlov wa Urusi, waliamini kwamba usagaji wa chakula huamriwa na mishipa ya fahamu pekee. Starling na Bayliss waliamua kulipima jambo hilo. Walimpa mbwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa yote ya fahamu inayokwenda katika kipande cha utumbo mwembamba, wakabakiza mishipa ya damu tu. Kisha wakamimina tindikali humo. Kongosho likatoa maji yake kama kawaida.

Starling alitambua mara moja kwamba ujumbe ulikuwa umepita katika damu. Akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga pamoja na tindikali, akauchuja na kuuingiza katika mshipa wa damu wa mnyama huyo. Muda mfupi baadaye kongosho likatoa maji tena. Kemikali hiyo waliiita sekretini. Pavlov naye, baada ya jaribio hilo kurudiwa katika maabara yake, alikubali matokeo yake. Mwaka 1905, katika mihadhara aliyoitoa London, Starling alianzisha neno homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Njia yake haikuwa nyepesi. Mwaka 1903 Bayliss alimshitaki Stephen Coleridge, kiongozi wa wapinzani wa majaribio kwa wanyama, aliyemtuhumu kumpasua mbwa bila kumlaza ipasavyo. Bayliss alishinda na kulipwa fidia ya pauni 2,000. Lakini Starling alilazimika kukiri mahakamani kwamba mbwa huyo alitumiwa mara mbili kinyume cha sheria, akisema nia yake ilikuwa kuepuka kumtoa mhanga mbwa wa pili.

Starling hakufanya utafiti wake mkuu kuhusu umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ila mlango aliofungua ndio waliopitia waliomfuata. Mwaka huohuo wa 1905 Mwingereza John Edkins alitangaza homoni ya gastrini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatambuliwa motilini. Hizo, pamoja na sekretini, ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi. Sekretini ina amino asidi 27.

Mwisho wa umio una misuli ya mviringo inayobaki imebana ili tindikali isipande. Motilini huongeza mbano huo. Sekretini na glukagoni huulegeza, na kolesistokinini, inayotolewa mafuta yanapofika katika utumbo mwembamba, hufanya vivyo hivyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya vyakula vya mafuta kuleta kiungulia. Gastrini ilidhaniwa kwa muda kuwa ndiyo mlinzi mkuu wa mlango huo, lakini ilibainika kwamba hukaza misuli hiyo inapotolewa kwa kiwango kinachozidi kile cha kawaida mwilini.

Aidha, imefahamika kuwa mishipa ya fahamu yenyewe hutumia baadhi ya peptidi kama wajumbe wake pale mtu anapomeza na mlango kufunguka. Kwa hiyo Pavlov hakukosea kabisa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mishipa hiyo hufanya kazi peke yake.

Starling alitoa pia kanuni ya moyo inayobeba jina lake hadi leo, na akalitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904; Starling hakuipata kamwe, wala hakupewa cheo cha "Sir".

Mwaka 1920 alipasuliwa kutokana na saratani ya utumbo mpana, kiungo cha njia ileile ya chakula aliyoichunguza kwa miaka mingi. Aliendelea na kazi hadi Mei 2, 1927, alipofariki dunia safarini melini, Kingston, Jamaica, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa hukohuko, mbali na maabara yake.